Dante Usoni mwa Sarafu: Tathmini ya Euro 2 ya Italia ya Mwaka 2015

Anayetafuta mtandaoni sarafu ya dhahabu ya kumkumbuka Dante Alighieri, mshairi wa Florence aliyezaliwa mwaka 1265 na kufia Ravenna mwaka 1321, hukutana na visahani vingi vinavyong'aa, vyote vikiwa na pua ile ile ndefu, kilemba kile kile na shada lile lile la majani ya mlaureli. Mimi nilinunua vitu viwili. Kimoja kilitangazwa kuwa ni dhahabu ya karati 24, na kingine ni sarafu ya euro 2 ambayo Italia iliitoa mwaka 2015 kuadhimisha miaka 750 tangu kuzaliwa kwa mshairi huyo. Tathmini hii ni ya sarafu hiyo ya pili, lakini sina budi kuanza na kile cha kwanza, kwa kuwa ndicho kilichonila fedha na ndicho kilichonifundisha namna ya kuitazama ile nyingine.

Kisahani hicho nilikiagiza kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Kilinifikia Mombasa ndani ya kisanduku cha mahameli mekundu, kikiwa na cheti chenye muhuri na maandishi ya madaha. Kilikuwa na upana wa milimita 40 na unene wa milimita 3, na usoni Dante alichorwa kwa haraka, macho yake yakiwa yamezama kama ya mtu aliyekesha na homa. Nilikipeleka kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale ambaye amekuwa akiwapimia watu dhahabu tangu kabla sijazaliwa. Mzee yule hakukitazama hata cheti. Alikipokea kiganjani, akakirusha juu kidogo na kukidaka, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni nyepesi." Nikamwomba akipime hata hivyo. Alikisugua ukingo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali juu ya mstari uliobaki, na mstari ule ukachemka na kugeuka kijani. "Imechovywa tu," akasema, na kunirudishia.

Kumbe hesabu yenyewe ningeweza kuifanya nyumbani kwangu kabla ya kupanda matatu. Kisahani cha upana na unene ule kina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 3.8, na kwa kuwa kila sentimita ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, kingekuwa cha dhahabu kweli kingekaribia gramu 73. Changu kilikuwa na gramu 31, uzito unaokaribia ule wa shaba. Nilipolirudia tangazo nikaona kwamba neno la kuchovya limeandikwa, ila limewekwa chini kabisa, kwa herufi ambazo hata mzee mwenye miwani asingezisoma akiongezewa taa. Kwa hiyo siwezi hata kudai kwamba niliongopewa moja kwa moja. Nililipishwa bei ya neno "karati 24" ilhali neno hilo lilikuwa linauelezea utando mwembamba wa juu peke yake.

Kilichonichoma zaidi si fedha. Ni kwamba udanganyifu huo ulikuwa umevaa uso wa mtu ambaye pengine hakuna mshairi mwingine wa zama zake aliyeijua sarafu ya dhahabu na kuichukia sarafu bandia kama yeye. Dante alikulia katika mji ambao mwaka 1252, miaka 13 kabla ya kuzaliwa kwake, ulianza kupiga fiorino, sarafu ya dhahabu ya karati 24 yenye uzito wa takriban gramu tatu na nusu, upande mmoja ikiwa na ua la yungiyungi na upande wa pili picha ya Yohana Mbatizaji. Fiorino haikuwa na sura ya mfalme wala jina la mtawala yeyote. Thamani yake ilisimama juu ya usafi wake na uzito wake tu, na kwa sababu hizo mbili wafanyabiashara waliipokea Ulaya nzima na kuvuka bahari ya Mediterania.

Katika Commedia, utungo wake mkuu wenye nyimbo 100 unaompeleka msomaji Jehanamu, Toharani na Peponi, Dante anaitaja sarafu hiyo mara kwa mara, na si kwa kuisifu. Ndani kabisa ya Jehanamu anamkuta Maestro Adamo, mtu aliyekubali kuwatengenezea makabaila wa Romena fiorino bandia ambazo katika karati 24 zilikuwa na karati tatu za takataka. Duniani Adamo alichomwa moto kwa kosa hilo. Jehanamu amevimba tumbo kwa safura, ana kiu isiyoisha, na daima anaviona mbele yake vijito vya nchi yake vikitiririka kutoka milimani bila yeye kupata hata tone. Mfalme wa Ufaransa, Philippe wa Nne, naye anasutwa katika sehemu ya Pepo kwa kuichakachua fedha ya raia wake. Tena katika sehemu hiyo hiyo ua la yungiyungi la fiorino linaitwa ua lililolaaniwa, kwa sababu limewapoteza kondoo na wanakondoo na kumgeuza mchungaji kuwa mbwa mwitu.

Lakini mahali ninapopapenda ni pale mtume Petro anapomfanyia Dante mtihani wa imani huko Peponi. Baada ya kusikia jibu la awali, Petro anaifananisha imani na sarafu na kumwambia kwamba mchanganyiko wa madini ya sarafu hiyo na uzito wake vimekwisha kupimwa vizuri. Sasa amweleze kama anayo mfukoni mwake. Dante anajibu kwamba anayo, tena ing'aayo na ya mviringo kamili, hata hana shaka yoyote juu ya alama iliyopigwa juu yake. Lugha hiyo ni ya mtu aliyezoea meza ya mvunja fedha. Na maswali ya Petro ni yale yale ya sonara wangu: imechanganywa na nini, ina uzito gani, na je, unayo kweli? Nimeona ni haki kuipima sarafu ya Dante kwa mizani ya Dante.

Basi tuje kwenye euro 2 ya mwaka 2015. Kuhusu madini haina la kuficha. Kitovu chake kimetengenezwa kwa tabaka tatu, ya kati ikiwa nikeli na mbili za nje zikiwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na pete ya nje ni ya shaba na nikeli. Hakuna dhahabu hata chembe, na hakuna anayedai kuwa ipo. Uzito wake ni gramu 8.5, upana wake milimita 25.75 na unene wake milimita 2.2. Niliiweka kwenye mizani ya sonara na ikasoma gramu 8.5 barabara. Nikaisogezea sumaku, nayo ikavutika kidogo, kama inavyotakiwa, kwa ajili ya ile tabaka ya nikeli iliyofichwa katikati. Kile kisahani changu cha shaba hakikutikisika hata kidogo mbele ya sumaku hiyo hiyo, jambo ambalo mwuzaji angeweza kulitumia kama ushahidi kwamba ni dhahabu, maana dhahabu nayo haivutiki. Ndiyo maana sumaku peke yake si kipimo cha kutegemea.

Kwa kuwa kitovu kina rangi ya manjano na pete ina rangi ya fedha, Dante ameketi ndani ya duara la rangi ya dhahabu lililozungukwa na ukanda mweupe, na mchoraji wake, Silvia Petrassi, ameitumia tofauti hiyo vizuri. Picha ameitoa kwenye mchoro ambao Domenico di Michelino aliuchora mwaka 1465, ambao mpaka leo umetundikwa ndani ya kanisa kuu la Santa Maria del Fiore mjini Florence. Katika mchoro ule Dante amesimama katikati akiwa na kitabu wazi mkononi. Upande mmoja waliolaaniwa wanashuka Jehanamu, nyuma yake umeinuka mlima wa Toharani wenye ngazi zinazouzunguka, na upande wa pili kuna kuta za Florence, mji ambao ulikuwa umemfukuza. Sarafu imemchukua Dante kuanzia kifuani, kitabu chake mkono wa kushoto, na mlima nyuma yake. Jehanamu imeachwa nje, na Florence pia.

Nimeitazama kwa kioo cha kukuza mara nyingi, na kwa maoni yangu uchaguzi huo umefaulu. Mchoraji wa sarafu ana nafasi isiyozidi ukucha wa dole gumba, na anayetaka kuingiza kila kitu humo huishia kuchora uji. Hapa mikunjo ya vazi inaonekana, kurasa za kitabu zinaonekana, na mlima unaeleweka kuwa ni mlima na si kichuguu. Uso ndio umenipa shida kidogo: umekuwa mpole kupita kiasi kwa mtu aliyewatia mapapa motoni vichwa chini. Herufi RI za Jamhuri ya Italia, alama R ya kiwanda cha Roma, herufi za mchoraji, jina la mshairi na miaka 1265 na 2015 vimepangwa bila kusongamana.

Hata hivyo nina lawama moja kubwa, nayo ni kwamba sarafu ya mshairi haina ushairi. Limeandikwa jina lake tu. Ukingo wa euro 2 za Italia una tarakimu 2 na nyota vikirudiwa mara sita, mara vimesimama na mara vimepinduliwa, wakati Ujerumani na Uholanzi zimeutumia ukingo huo huo kuandika maneno yenye maana kwa watu wao. Najua ukingo umewekwa kwa sarafu zote za nchi na haubadilishwi kwa ajili ya kumbukumbu moja, lakini usoni nafasi ya mshororo mmoja mfupi ingepatikana. Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kulisema hilo. Sarafu za masultani wa Kilwa zilipigwa kwa vina: maneno ya upande mmoja, yanayomtaja Mungu kuwa ndiye tegemeo, yanaoana kwa sauti na jina la sultani lililo upande wa pili, hivyo kwamba anayeigeuza sarafu mkononi anaisoma kama ubeti. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati Dante anamalizia utungo wake na aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331, alipiga nyingi za shaba na chache za dhahabu. Zile za dhahabu zilizobaki ni chache mno. Sasa kama sultani aliyekuwa na biashara ya dhahabu ya Sofala mikononi mwake alikumbuka kutia vina kwenye fedha yake, wapigaji wa sarafu ya mtunzi wa mishororo 14,233 nao wangekumbuka.

Faraja niliyoipata imetoka mahali ambapo nadhani hakuna aliyepapanga. Kila sarafu ya euro, kwa kanuni, imezungukwa na nyota 12 za Umoja wa Ulaya. Na sehemu zote tatu za Commedia, Jehanamu, Toharani na Pepo, zinamalizikia kwa neno moja, nalo ni "nyota". Ukiijua habari hiyo, pete nyeupe ya nje inaacha kuwa pambo la serikali.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ainunue hii wakati euro 2 ya kawaida ya Italia ina Dante tayari. Ni kweli. Tangu mwaka 2002 Waitalia wanalipia kahawa kwa uso wake, ulioandaliwa na Maria Carmela Colaneri kutokana na picha iliyochorwa na Raphael, iliyoko katika vyumba vya Papa Julius wa Pili pale Vatikani. Na picha hizo za sarafu za Italia, isipokuwa ile ya euro 1, zilipitishwa kwa kura za watazamaji wa televisheni. Kwa uchoraji mtupu, uso wa Colaneri una nguvu kuliko wa mwaka 2015: umetazama kushoto, kidevu kimekazwa, na mistari yake ni michache na ya uhakika. Anayetaka Dante wa kumweka mfukoni na kumtumia, huyo anamtosha, na atampata kwa euro 2 kamili bila kumlipa dalali. Ile ya mwaka 2015 inampa mnunuzi kitabu na mlima, yaani kazi ya mshairi pamoja na sura yake, na hilo ndilo lililonifanya nitoe euro 5 na nauli ya posta kwa moja ambayo haijatumika, iliyofungwa ndani ya kadi. Bei hiyo naiona ya haki. Anayeombwa mara kumi yake kwa sababu ya neno "adimu" aulize adimu hiyo imetokea wapi, maana sarafu hii ilitolewa kuingia mikononi mwa watu na bado ni fedha halali katika nchi zote za euro.

San Marino nayo ilitoa euro 2 ya Dante mwaka huo huo wa 2015, na Vatikani ikafuata mwaka 2021 ilipotimia miaka 700 ya kifo chake. Hizo hupigwa kwa idadi ndogo zaidi, huuzwa kwenye vifungashio vya wakusanyaji na bei yake iko juu. Mwenye kukusanya nchi kwa nchi atazitaka, mimi niliziacha. Cha kushangaza ni kwamba Italia yenyewe mwaka 2021 ilizitumia nafasi zake mbili za euro 2 za kumbukumbu kwa mambo mengine: Roma kutimiza miaka 150 ya kuwa mji mkuu, na shukrani kwa wahudumu wa afya. Kwa aliyeuona mwaka ule wa korona hakuna wa kulaumiwa.

Kwa anayesema kwamba lazima iwe ya madini ya thamani, kuna lira 500 ya mwaka 1965, ya miaka 700 ya kuzaliwa kwa Dante. Ni ya fedha ya kiwango cha 835 kwa 1,000, yenye uzito wa gramu 11, na hupatikana kwa wauzaji wa sarafu za zamani bila taabu kubwa. Ni fedha, si dhahabu, lakini ni fedha kweli, na thamani yake ya madini inaweza kuhesabiwa na yeyote mwenye mizani na bei ya siku. Na kama moyo umeng'ang'ania dhahabu tu, basi muuzaji ataje nchi au kiwanda kilichopiga sarafu, thamani iliyoandikwa juu yake, usafi wake kwa elfu, uzito wake na upana wake, vyote kwa maandishi kabla fedha haijatoka. Sarafu ina nchi nyuma yake na thamani iliyoandikwa usoni. Kisichokuwa na hivyo ni medali, hata kikiitwa sarafu mara mia. Aliyeshindwa kutaja uzito amekwisha kujibu swali la Petro.

Kifungashio cha ile niliyonunua ni kadi nyepesi yenye dirisha la plastiki, na hapo pia nina neno. Kadi inaonyesha uso wa mbele vizuri, ila upande wa nyuma umefunikwa na maelezo, hivyo anayetaka kuiona ramani ya Ulaya au kuupitisha ukucha kwenye ukingo hana budi kuichana. Niliichana. Wakusanyaji wenzangu wataniona mharibifu, lakini sarafu isiyoweza kushikwa sijui ina tofauti gani na picha yake.

Mahakama za Florence zilimhukumu Dante mwaka 1302 kwa tuhuma za rushwa na kuuza nafasi za umma, kwanza kwa faini na uhamisho, kisha kwa kuchomwa moto akikamatwa, na halmashauri ya jiji ilipiga kura ya kuifuta hukumu hiyo mwaka 2008, miaka zaidi ya 700 baadaye, mifupa yake ikiwa bado Ravenna. Nilimsimulia sonara habari hiyo siku nilipompelekea euro 2 yangu, wakati anaigeuza-geuza chini ya taa yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule bwana wa kitabu aliwahi kurudi kwao. Nikamwambia hakurudi. Akairudisha sarafu kwenye mizani, akaitazama tarakimu kwa mara ya pili, kisha akanyoosha kidole kuelekea mfuko wangu. "Na ile nyingine," akasema, "usije ukampa mtu akadhani ni mali."